Skolashipu ya Harvard si zawadi ya kufaulu

Kila majibu ya udahili yanapotoka, picha husambaa: kijana wa Mwanza au Kisumu kashika barua, na chini yake imeandikwa kwamba amepata skolashipu ya Harvard kwa ufaulu wake. Hongera zake. Ila Harvard haina skolashipu ya ufaulu, na wenzake saba wa Ivy League, lile kundi la vyuo vinane mashuhuri vya Marekani, hali kadhalika. Alama zilimfungulia mlango. Ada imelipwa kwa sababu chuo kilipiga hesabu ya kipato cha kwao kikaona hakitoshi. Watu hulificha hilo, maana neno "uhitaji" linanukia omba omba.

Mimi naona aibu hiyo imewekwa pasipo pake. Tazama jinsi skolashipu za ufaulu zinavyotumika kwenye vyuo vingi binafsi vya Marekani. Tuseme ada ni dola 60,000, na chuo kina dola 60,000 za kugawa. Kikimpa zote mtoto mmoja wa fundi cherehani, kimempata yeye na hakikuingiza kitu. Kikizikata mafungu manne ya 15,000, kila fungu likaitwa tuzo na kubandikwa jina zuri, kinawavuta watoto wanne wa wenye uwezo, na kila mmoja analeta 45,000 zilizobaki. Hiyo ni 180,000. Wazazi wanajisifu mtoto kashinda tuzo, mhasibu anatabasamu, na yule wa fundi anapelekewa barua ya kukubaliwa isiyo na senti ndani. Muuza vitenge wa Kariakoo anaujua mchezo huu: taja bei ya juu, kisha mpunguzie mteja unayemtaka. Kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, vyuo binafsi vya kule hupunguza, kwa wastani, zaidi ya nusu ya ada iliyotangazwa.

Wanaotetea skolashipu za ufaulu wana hoja. Ipo familia ambayo kwa fomula ya chuo ina uwezo, lakini ukiifuata nyumbani ina mkopo wa nyumba na wazee wa kutunza. Kwao tuzo ndiyo njia pekee. Tena zipo za kweli zinazolipa kila kitu, kama Morehead-Cain ya Chuo Kikuu cha North Carolina, iliyoanza 1945.

Na vyuo vinavyotoa msaada kwa uhitaji si malaika. Utafiti wa mchumi Raj Chetty na wenzake wa 2017 ulikuta vyuo 38, vitano vikiwa vya Ivy League, vyenye wanafunzi wengi zaidi kutoka asilimia 1 ya familia zenye kipato kikubwa zaidi kuliko kutoka asilimia 60 ya familia za chini. Msaada upo, wa kuupokea hawafiki. Kwa mwombaji wa kigeni kuna mtego zaidi: vyuo vichache tu, kama Harvard, MIT, Amherst na Bowdoin, humdahili bila kuangalia mfuko wake. Kwingine, kule kuomba msaada tu kunaweza kumnyima nafasi.

Halafu kuna fomu. CSS Profile, fomu ya kuombea msaada inayotumiwa na vyuo vingi vya aina hii, inauliza akiba, nyumba, mali nyingine. Mzee wa Rombo mwenye ekari mbili za kahawa na migomba, kihamba cha ukoo kisichouzika, aandike thamani gani? Afisa wa chuo aliyeko Massachusetts, jimbo la Harvard, ataona mali. Kwenye fomu hiyo kuna nafasi ya kueleza hali ya pekee, na kihamba inabidi kielezwe pale, pamoja na makaburi ya mababu yaliyomo.