Ghorofa zisitangulie mitaro
Mwandishi mmoja anadai kwamba Nakuru, hapa Kenya, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, inahitaji majengo marefu ili ifanane na majiji mengine. Natofautiana naye. Mji huu umekaa kwenye mteremko kati ya mlima wa volkano wa Menengai na Ziwa Nakuru, juu ya udongo wa volkano unaomomonyoka upesi na mara nyingine kupasuka nyufa, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha maji hushuka na mchanga wake kuelekea ziwani. Mtaro ulio mbele ya duka langu umejaa mchanga huo hadi ukingoni, na wateja huvuka kwa ubao, ambao nimeununua mwenyewe. Kabla ya kuidhinisha ghorofa nyingine, wahandisi watueleze maji ya paa lake yataelekezwa wapi.