Kisanduku kimoja tu cha fomu

Yaani kisanduku kimoja! Mimi na baba watoto tulitengana Machi mwaka jana, talaka bado. Watoto ninao mimi, pango nalipa mwenyewe. Lakini aliyenijazia fomu za kodi hapa Marekani akaweka alama kwenye "ana ndoa, anajaza peke yake". Hakuniuliza hata swali! Mkiishi mbalimbali miezi 6 ya mwisho wa mwaka, mtoto wako akikaa kwako zaidi ya nusu mwaka, na wewe ukilipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba, unahesabiwa mkuu wa kaya, na kodi inapungua. Sasa eti nimlipe tena ndipo asahihishe. Sitaki! Najaza mwenyewe usiku 1040-X, ile fomu ya kusahihisha fomu ya kodi iliyokwisha kutumwa, watoto wamelala, stakabadhi za umeme zimetapakaa mezani.