Oda ni ya mdomo, sahihi ni yako: kwa nini polisi hawapendi watu wa IAU

Shemeji yangu ni polisi, konstebo, na kuna miezi 8 hivi ambayo tulimsaidia sisi kulipa nyumba na kununua unga. Sisemi hivyo kumuaibisha, amenikubalia niseme, nasema kwa sababu mtu akiniuliza mbona polisi wa Kenya wanachukia sana wenzao wa IAU, wale polisi wa kuchunguza makosa ya polisi, mi jibu langu linaanzia hapo, hapa Nakuru, kwa nyumba ya kupanga ambayo jirani wote walikuwa wanajua afande siku hizi haendi kazi.

Ilikuwa hivi. Yuko zamu ya usiku pale kaunta, kituo sitakitaja, simu ikaingia kutoka kwa bosi, huyo kijana wa kesi ya pikipiki muachilie, hayo mambo tumeshamaliza. Akamtoa seli, akaandika kwa OB, kile kitabu cha matukio ya kituo, kwamba ameachiliwa kwa bondi vile alivyoambiwa aandike, akatia sahihi. Mwenye pikipiki kuja asubuhi hakuna mshukiwa na hakuna karatasi ya bondi, akapeleka malalamiko, na wachunguzi walipofika waliomba OB na rejista ya seli, wakaangalia sahihi, ni ya nani? Ya shemeji. Bosi akasema hakumbuki kupiga simu yoyote. Basi jamaa akasimamishwa kazi kwa nusu mshahara, na huo mshahara wenyewe nusu ilikuwa inaenda kwa mkopo wa sacco hata kabla haya yatokee. Mwishowe hakufukuzwa, alipewa onyo na transfa. Bosi hakukosa kazi hata siku moja.

Sasa mi sitaki mtu adhani naleta hii hadithi kusema polisi wanaonewa, nitafika huko kwa upande wa raia na pale nina uchungu zaidi. Lakini tuelewe kwanza hii chuki inatoka wapi, maana wengi wanasema tu polisi hawapendi kuchunguzwa kwa sababu ni wezi, wanaishia hapo.

IAU, yaani kitengo cha masuala ya ndani, iliwekwa na sheria ya Huduma ya Polisi ya mwaka 2011, kifungu cha 87. Inapokea malalamiko ya raia na hata ya polisi wenyewe, na inaweza kuanzisha uchunguzi bila kungoja mtu alalamike. Mkurugenzi wake anawajibika kwa Inspekta Jenerali. Haya, na mwaka huo huo wa 2011 ikapitishwa sheria nyingine ikaleta IPOA, mamlaka ya kusimamia mwenendo wa polisi, ambayo ni ya raia, iko nje ya polisi, na ina ofisi mpaka hapa Nakuru na Kisumu. Watu huchanganya hizi mbili lakini polisi hawachanganyi. IPOA wanaiogopa vile unaogopa mtu wa nje, unajua hakupendi na hujawahi kumtegemea. IAU ni tofauti, huyo ni mtu mlipitia depo naye, kule kwa mafunzo ya polisi, mmekula githeri moja, anajua lugha ya kituo na anajua pale OB inapochezewa kwa sababu pengine na yeye aliwahi kuichezea. Halafu kesho anaweza kurudishwa kazi ya kawaida akawa ndiye OCS wako, mkuu wa kituo. Kwa hivyo humwamini akiwa mchunguzi na humwamini akitoka huko.

Ila hiyo ya usaliti mi naona ni nusu tu, na ni ile nusu ndogo. Kubwa ni hii, uchunguzi unafuata karatasi, na kwa polisi karatasi inaandikwa na mdogo. OB anaandika konstebo. Rejista ya silaha anatia sahihi yule anayebeba bunduki. Oda inakuja kwa simu ama kwa mdomo pale uwanjani wakati wa gwaride na haiandikwi mahali popote. Kwa hivyo hata mchunguzi akiwa mtu safi kabisa, hajakula chai ya mtu, akifuata ushahidi wake vizuri atajikuta tu ameshika konstebo. Kwa kesi ya shemeji kulikuwa na njia rahisi, rekodi za simu za ule usiku zingeitishwa ingejulikana nani alimpigia nani saa ngapi. Hazikuitishwa. Na hapo ndio polisi wa chini anaamua hawa watu hawakuja kutafuta ukweli, wamekuja kutafuta mtu wa kubebeshwa mzigo.

Sheria nayo inambana huku na huku. Ile ile sheria ya 2011, kwa jedwali la sita linalohusu matumizi ya nguvu na bunduki, inasema wazi kwamba kufuata oda ya mkubwa si kisingizio kama umetumia nguvu kinyume cha sheria. Ni sheria nzuri na mimi naiunga mkono, lakini jiweke mahali pa kijana wa miaka 24 ametumwa maandamano Kondele, kule Kisumu, bosi anasema ingieni, akikataa ni utovu wa nidhamu na transfa ya mbali, akiingia na mambo yaharibike kisheria yuko peke yake. Na chama cha wafanyakazi cha kumtetea hana, katiba yenyewe kwa kifungu cha 24 imeruhusu haki hiyo ibanwe kwa polisi. Mwalimu akiwa na shida anaita chama, daktari anaita chama, konstebo anaita shemeji.

Haya, sasa upande ule mwingine.

Agosti 2017, Nyalenda, Kisumu, usiku polisi wanavunja milango nyumba kwa nyumba baada ya uchaguzi. Mtoto wa miezi 6, Samantha Pendo, alipigwa kichwani akiwa na mamake na akafa siku chache baadaye. Hakuna polisi hata mmoja aliyejitokeza kusema mimi niliona fulani akipiga. Hata mmoja! Kikosi kizima kilikuwa hapo. Ilibidi uchunguzi wa kifo ufanywe mahakamani Kisumu mpaka 2019 ndio hakimu akasema polisi ndio waliohusika, na hakuishia kwa wadogo, aligusa na makamanda. Mwaka 2022 mkuu wa mashtaka akatangaza kwamba maafisa 12 washtakiwe, mpaka wale waliokuwa wakitoa amri. Kwa hivyo ukiniambia polisi wanachukia wachunguzi kwa sababu wanaonewa, mi nakuuliza, na ule ukimya wa Nyalenda nao tuuite nini? Huwezi kulia kwamba mkubwa haguswi na wewe ndiye unayemfichia.

Na kuna wale wanaochukia kwa sababu rahisi kabisa, biashara inaharibika. Kwa vetting, ule msasa wa polisi ulioanza 2013, maafisa waliulizwa kuhusu mali na pesa zao, na trafiki walipofikiwa wakawekewa rekodi za M-Pesa mbele yao waeleze hizi zimetoka wapi. Wengine walishindwa. Huyo akikwambia anachukia wachunguzi usimhurumie. Dereva wa matatu ya Nakuru kwenda Eldoret anayetoa kitu kidogo kila kizuizi hana pa kulia, sasa wewe unayepokea ndio unataka kuonewa huruma? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Polisi huyo huyo humweka mshukiwa ndani kwa neno la mtu mmoja tu, na akiulizwa yeye anataka mashahidi kumi.

Lakini nao pia wana hoja moja ambayo raia hatupendi kuisikia, kwamba malalamiko mengine ni ya uongo. Mtu anajua anachunguzwa, anakimbia kumshtaki ofisa anayeshika faili lake ili faili litolewe kwake. Hiyo ipo. Dawa yake ni uchunguzi wa haraka, si kuacha kuchunguza. Miezi 8 ya kungoja inamuumiza asiye na hatia na inampa mwenye hatia muda wa kuongea na mashahidi, hakuna mtu anafaidika.

Kwa hivyo nikipima, hasira ya polisi wa chini naiona ni ya kweli ila imeelekezwa kwa mtu ambaye siye. Shida si kwamba IAU ipo. Shida ni kwamba inawajibika kwa mkubwa wa wale inaotakiwa kuwachunguza, kwa hivyo kwenda chini ni rahisi na kwenda juu inangoja upepo. Oktoba 2022 hao hao IAU waliwashika maafisa wa SSU, kikosi maalum cha wapelelezi, juu ya kupotea kwa Wahindi wawili na dereva wao Mkenya, na kikosi chenyewe kikavunjwa. Kazi nzuri, nilifurahi kama wengine. Lakini watu hao walipotea Julai, na maafisa walishikwa baada ya serikali mpya kuingia Septemba, na polisi waliona hiyo kalenda vile mimi na wewe tuliiona. Mtoto wa Nyalenda alipata mwangaza kwa sababu kesi ilifika mahali ambapo hakuna afande wa kupigia mwingine simu.

Mi ningeanza na kitu kidogo sana, oda ya kuachilia mtu ama ya kutumia nguvu iwe na jina la aliyeitoa na saa aliyoitoa, kwa maandishi, na mchunguzi akifika kituoni aanze na hiyo kabla ya kuuliza sahihi ni ya nani. Konstebo akijua uchunguzi utampandia mkubwa pia, ule ukimya wa kufichana utapungua, kwa sababu leo ananyamaza akijua akisema yeye ndiye atabaki uchi. Sheria tayari inamruhusu polisi kulalamika IAU dhidi ya polisi mwenzake, mpaka mkubwa. Shemeji nilipomuuliza mbona hakulalamika aliniangalia tu kisha akasema, halafu nirudi kufanya kazi wapi?

Siku hizi ana kadaftari kadogo kwa mfuko wa shati. Simu ya bosi ikiingia anaandika saa, jina, na ameambiwa afanye nini, hata kama ni kuletewa maji. Wiki iliyopita mkubwa wake wa huko kituo kipya alimuona akiandika akamuuliza ni nini hiyo anaandika, naye akamwambia ni OB yangu, afande. Anasema tangu siku hiyo akipigiwa simu anaambiwa aje ofisini waongee.