Simu Imekwenda, Pole Zimebaki

Katika mji huu wa Goma mtu hana ruhusa ya kulilia kitu kidogo. Juzi tulikuwa abiria wawili tumebanana nyuma ya dereva wa pikipiki. Mwenzangu alishuka Birere, akanyoosha jaketi lake la kahawia na kuniaga kwa heshima zote: "Safari njema, papa." Nilipofika Katindo na kupapasa mfuko, nilikuta leso peke yake, simu haipo. Ndani ya kava la simu hiyo mlikuwa na kadi yangu ya mpiga kura, ambayo kwetu Kongo ndiyo kitambulisho, na ndani ya simu yenyewe mlikuwa na orodha ya watu wote ninaowadai.

Nilimweleza jirani yangu, mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nikitarajia walau agune. "Simu tu, papa? Mimi, Nyiragongo ilinimezea nyumba nzima, na sufuria ya maharage ikiwa jikoni!" Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Tangu tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo, volkano yetu, ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, kila hasara yetu hupimwa kwa mlima ule, nao mlima, ili usisahaulike, ulitapika tena tarehe 22 Mei 2021.

Jumuiya yetu ya kanisa nayo haikuniacha. Mzee mmoja alinikabidhi kwa Mtakatifu Antoni wa Padua, msimamizi wa vitu vilivyopotea, ambaye sikukuu yake ni tarehe 13 Juni. Sijui kama itabidi ningoje hadi hapo. Walionifariji kwa bidii kuliko wote, tena kwa nyuso zinazong'aa, ni wadeni wangu. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa," walisema, kana kwamba wamekubaliana. Jamani, tusimsingizie Mwenyezi Mungu! Aliyetwaa alivaa jaketi la kahawia. Isitoshe, hao wanaonisomea Ayubu huishia sura ya kwanza. Hakuna anayefika sura ya 42, ambamo kondoo 7,000 wanarudi wakiwa 14,000.

Mimi faraja yangu nimeipata katika Wafalme wa Pili, sura ya 6, ambapo mtu anakata mti kando ya Yordani, chuma cha shoka kinatumbukia majini, naye analia kwa sababu shoka lenyewe ni la kuazima. Elisha hakumwambia ashukuru kwamba hakuzama yeye, wala hakumtajia gharika ya Nuhu. Alimuuliza tu kilianguka wapi, na chuma kikaelea. Mungu anayeshughulikia shoka la kuazima hawezi kuiona simu yangu kuwa ndogo mno.

Kwa hiyo kila jioni napiga magoti na kumtajia mahali penyewe, Birere, upande wa kushuka. Simu akipenda aiache. Naomba kadi irudi, na wadeni wangu awajalie kumbukumbu.