Serikali Isipokee Sarafu Isiyothubutu Kuihifadhi

Hivi karibuni nilialikwa kwenye kikao cha wafanyabiashara wadogo, na kijana mmoja mwenye ufasaha wa kusema akasimama kupendekeza kwamba halmashauri zetu zianze kupokea bitcoin, sarafu ya kidijitali ambayo bei yake hupanda na kushuka, kwa leseni za biashara, ushuru wa masoko na kodi ya pango la ardhi. Ukumbi ulimpigia makofi marefu. Makofi yale yaliniudhi, kwa sababu hakuna aliyeuliza jambo ambalo kwangu ndilo la kwanza: bei ya sarafu hiyo ikiporomoka kabla malipo hayajafika hazina, hasara inabebwa na nani?

Mifano ipo, na inajibu bila kificho. Novemba 2018 mweka hazina wa jimbo la Ohio, Marekani, Josh Mandel, alitangaza kwamba kampuni zinaweza kulipa kodi kwa bitcoin. Sarafu hizo hazikugusa hazina ya Ohio hata siku moja, kwani zilipokelewa na kampuni ya BitPay, zikabadilishwa kuwa dola, na dola ndizo zilizofika serikalini. Oktoba 2019 mrithi wake, Robert Sprague, alisitisha mpango huo akihoji jinsi kampuni hiyo ilivyopewa kazi bila ushindani. Mpaka wakati huo kampuni zilizoutumia hazikufika kumi.

Jimbo la Colorado lilifuata Septemba 2022 kwa kupitia kampuni ya malipo ya mtandaoni ya PayPal. Mlipaji anakatwa dola 1 pamoja na asilimia 1.83 ya malipo yake, na jimbo linapokea dola zilezile za kawaida. Isitoshe, tangu mwaka 2014 mamlaka ya kodi ya shirikisho la Marekani inaihesabu sarafu ya aina hii kuwa mali, hivyo kuitoa kulipia kitu chochote ni sawa na kuiuza. Aliyenunua bitcoin zamani kwa bei ya chini akaitumia leo kulipa kodi, kwa tendo hilohilo la kulipa anajizalishia kodi nyingine juu ya faida.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na ninaomba isomwe kwa makini. Serikali zinazojitangaza kuwa zinapokea sarafu za kidijitali kwa kawaida hazizipokei kabisa, maana zimemweka dalali katikati, zimejihakikishia kiasi chao kamili katika fedha zinayoiamini, kisha zimemwachia mwananchi ada, kupanda na kushuka kwa bei, na lawama muamala ukikwama. Kama sarafu hiyo ni salama kiasi cha mwananchi kuhimizwa kulipia huduma, basi hazina iwe tayari kukaa nayo hadi mwisho wa mwezi na kulipia mishahara. Ikiwa hazina inaiogopa, haina haki ya kumpa mjane au muuza mboga hofu ambayo yenyewe imeikimbia.

Anayedhani ninakuza mambo akae asubuhi moja kwenye benchi la wakala karibu na soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Ataona mama amekunja karatasi yenye namba ya malipo ya serikali, tarakimu 12 zinazoanza na 99, akimsomea wakala tarakimu mbilimbili huku akifuata kwa kidole ili asipotee. Kiasi alichoandikiwa jana jioni ndicho anachodaiwa leo asubuhi, na kwa sababu hakibadiliki ameweza kukitenga kutoka kwenye mauzo yake ya jana. Mwambie sasa kwamba kabla ya kulipa inambidi akague bei ya soko la dunia, na kwamba alichokiweka akiba juzi huenda leo hakitoshi. Watu hawa wanaijua ada ndogo inavyouma. Tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021, muamala mmoja ukiweza kukatwa hadi shilingi 10,000, kilio kilikuwa kikubwa kiasi kwamba serikali ilizipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo. Majirani zetu wa Kenya nao wanalalamikia shilingi 50 zinazoongezwa kwenye malipo ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali yao, ingawa huko sarafu ni ileile ya nchi.

Watetezi hukimbilia El Salvador. Kweli, Rais Bukele alithubutu kuliko wote: kuanzia tarehe 7 Septemba 2021 bitcoin ilikuwa fedha halali, ikiruhusiwa kulipia kodi, na kila aliyepakua Chivo, programu ya simu ya serikali ya kutunzia sarafu hiyo, alipewa bitcoin yenye thamani ya dola 30. Serikali yake ilinunua bitcoin na kuzihifadhi, na kwa hilo ninamheshimu. Hata hivyo watu wengi walizitumia dola zile 30 na kuiacha programu, bei yenyewe iliporomoka siku ileile ya uzinduzi, na madeni ya nchi yakaendelea kudaiwa kwa dola. Desemba 2024 serikali hiyo ilipofikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu mkopo wa dola bilioni 1.4, ilikubali masharti, na Januari 2025 bunge likabadili sheria ili asilazimishwe mtu kuipokea bitcoin na kodi zilipwe kwa dola. Jamhuri ya Afrika ya Kati iliiga mwaka 2022, ikaifuta sheria yake mwaka uliofuata.

Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba Zug ya Uswisi imefanikiwa kwa kiasi chake. Jiji hilo lilianza mwaka 2016 kwa malipo madogo yasiyozidi faranga 200, na hakuna anayenyimwa huduma kwa kuleta faranga. Lakini ule ni mji wa kampuni za sarafu hizo, na wakazi wake hawapangi siku zao kwa kipato cha jana. Nitakubali pia kwamba ndugu yangu aliyeko Muscat, ambaye kila mwaka humtumia mpwa wake fedha za kodi ya ardhi kisha akasubiri picha ya stakabadhi kwa wasiwasi, angenufaika na njia ya kulipa moja kwa moja.

Kwetu hali ni ya kutatanisha. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi hazitambuliki. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia aliitaka benki hiyohiyo ijiandae kwa ajili yake. Na tangu Julai 2024 sheria inakata kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Hata zuio hilo lenyewe, basi, linadaiwa kwa shilingi.

Mlango ukifunguliwa siku moja, sheria itamke kwamba deni la mwananchi limekwisha kwa thamani ya shilingi iliyoandikwa kwenye ankara, papo hapo anapothibitisha malipo, na kwamba gharama ya kubadilisha ni ya taasisi inayopokea. Dirisha la kulipa kwa shilingi, za simu na za mkononi, lisifungwe katika ofisi yoyote ya umma. Dalali atakayetumika apatikane kwa zabuni ya wazi, na ada zake zibandikwe ukutani penye kusomeka.