Asilimia 80 ya nini?

Novemba 2021 nilikuwa nasimamia madarasa mawili katika halmashauri moja ya Tanzania Bara. Boma lilikuwa limeshafungwa linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, mabati bado yako kwenye bando chini ya mwembe, na mafundi walikuwa wanapima mbao za kenchi za paa. Jioni ujumbe ukaingia kwenye kundi la WhatsApp: kila msimamizi atume asilimia ya mradi wake kabla ya saa 12. Nikapiga hesabu, nikatuma 62. Haikupita muda bosi akaniandikia pembeni: "Jirani yako ana 80. Hebu rekebisha."

Hakuniambia niongope, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Madarasa yale yalitengewa shilingi milioni 40, milioni 20 kila moja, na tulikuwa tumeshatumia milioni 31 kwa sababu mabati, mbao na saruji vilinunuliwa mapema. Ukipima kwa fedha, tulikuwa karibu asilimia 78. Ukipima kwa kazi iliyosimama pale, kila hatua na uzito wake katika mchanganuo wa gharama, unapata 62. Ukipima kwa siku zilizobaki, tulikuwa tumechelewa. Namba zote tatu ni za kweli. Jirani yangu huenda alikuwa anahesabu mabati yaliyoko stoo.

Wanaoitetea asilimia wana hoja, tena nzito. Mradi ule ulitokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu yake ilikuwa kujenga madarasa 15,000 nchi nzima kabla ya Januari 2022. Hakuna mtu anayeweza kukagua maboma 15,000 kwa macho. Bila namba moja inayosomeka haraka, taarifa zingekuwa zile tulizozizoea, "kazi inaendelea vizuri", na halmashauri iliyolala isingejulikana hadi watoto wafike na mabegi yao. Lile shinikizo la kundi la WhatsApp, pamoja na kero zake zote, liliwafanya watu walale saiti. Na Januari ile watoto wa kidato cha kwanza walipata pa kukaa. Mhandisi anayelalamikia ratiba akumbuke kwamba kuchelewa nako kuna anayelipia, na mara nyingi ni mtoto aliyekosa darasa akaambiwa asubiri chaguo la pili.

Lakini zege nalo lina asilimia yake, nayo haimo kwenye kundi la WhatsApp. Zege la saruji ya kawaida, likimwagiliwa vizuri, siku ya 7 huwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake; nguvu iliyokusudiwa hupimwa siku ya 28. Fundi akibanwa, kitu cha kwanza kukata ni muda wa kumwagilia maji, kwa sababu hakuna safu ya jedwali inayosema "zege limenyweshwa". Jamvi, yaani sakafu ya zege, litaonekana limekamilika asilimia 100 siku hiyohiyo lililomwagwa. Baada ya miaka miwili linabanduka vipande vipande chini ya madawati, na hapo hakuna anayekumbuka nani alituma namba gani.

Nimesikia watu wakisema dawa ni kuwafukuza waongo. Sidhani. Katika mkataba wa kawaida asilimia ina mpinzani wake: mkandarasi anadai amefanya kazi hii na hii, mhandisi mshauri anakwenda kupima, anakata, wanabishana, ndipo hati ya malipo inasainiwa. Mkandarasi anavutia juu kwa sababu analipwa kwayo, mshauri anavutia chini kwa sababu saini ni yake. Ukweli hupatikana mahali fulani katikati ya ugomvi huo. Kwenye fosi akaunti, yaani halmashauri kujenga yenyewe kwa mafundi wa kijijini bila mkandarasi, kama tulivyojenga madarasa yale, anayesimamia, anayepima na anayeripoti ni mtu mmoja, na anayemripotia ndiye atakayesifiwa kwa namba kubwa. Ndiyo, fosi akaunti ilipunguza gharama na fedha zikabaki kijijini kwa mafundi wa palepale. Sitaki ifutwe. Ila iliondoa ule ugomvi, na hakuna kilichowekwa badala yake.

Katika uhandisi jambo hili lina kisa mashuhuri. Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi wa Thiokol, kampuni ya Marekani iliyotengeneza roketi za chombo cha anga cha Challenger, walipinga chombo hicho kurushwa kesho yake, kwa kuwa baridi ingeharibu utendaji wa pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi. Kiongozi mmoja wa kampuni akamwambia makamu wa rais wa uhandisi avue kofia ya uhandisi avae ya uongozi. Akavaa. Watu 7 walikufa. Saiti zetu hazirushi roketi, lakini kofia mbili kwenye kichwa kimoja ni jambo la kila siku kwa mhandisi wa halmashauri: kiapo alikula mbele ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, barua ya uhamisho inasainiwa kwingine.

Upo mfano wa kipimo kilichokaa vizuri zaidi. Bwawa la umeme la Nyerere kule Rufiji liliripotiwa kwa asilimia miaka yote, nayo ilipita 90 huku gridi haijapata hata megawati moja kutoka pale. Lakini baada ya Desemba 2022, maji yalipoanza kujazwa, ikatajwa namba nyingine: kimo cha maji kwa mita kutoka usawa wa bahari, na kwamba mitambo inahitaji angalau mita 163. Hiyo haibembelezeki. Maji yamefika au hayajafika. Februari 2024 mtambo wa kwanza ukaingiza megawati 235, na asilimia zikakosa wasikilizaji.

Kwa darasa la kijijini kipimo cha namna hiyo kipo: kenchi ngapi zimepandishwa, madirisha mangapi yamefungwa, jamvi limemwagiliwa siku ngapi. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ambaye anajua kila mfuko wa saruji ulipokwenda, angeweza kuhesabu na kutia saini yake kando ya ya msimamizi. Ni polepole kidogo, na wakuu hawatapata namba moja ya kusoma jukwaani.

Mimi jioni ile niliandika 70. Wiki mbili zilizofuata tulipandisha kenchi zote na kuanza kuezeka, kazi ilikwenda mbio kuliko wakati wowote, na hesabu yangu ya kweli ikafika 71. Nikatuma 71. Bosi akaniuliza kwa nini saiti yangu imesimama.