Mraba ni mstatili au si mstatili?

Muulize mwanafunzi wa Mombasa kama mraba ni mstatili, na mara nyingi atakwambia la. Jibu hilo lina mantiki yake. Euclid mwenyewe, mwanahisabati wa Kigiriki, takriban mwaka 300 kabla ya Kristo, aliyatenga maumbo hayo: mstatili wake una pembe mraba nne lakini si pande zote nne zinazolingana. Vivyo hivyo, pembetatu pacha yake ina pande mbili tu zilizo sawa, si tatu. Utengano huu una faida. Mteja akiagiza meza ya mstatili kwa seremala wa Kongowea, hatarajii kuletewa ya mraba.

Lakini tunapanga maumbo ili tujue lipi linarithi sifa za lipi, na hapo Euclid anatugharimu. Mtazame fundi akipima msingi wa chumba cha mita 4 kwa 3. Kwanza anahakikisha pande zinazokabiliana zinalingana. Hapo ana msambamba, yaani umbo la pande nne ambalo pande zake zinazokabiliana ni sambamba. Kisha anavuta tepu kona kwa kona, mara mbili. Vipimo vyote viwili vikitoka mita 5, amepata mstatili. Pembe ikikosea digrii 1 tu, vitapishana kwa sentimita 8 hivi. Akiruka hatua ya kwanza atadanganyika, maana hata trapeza (umbo la pande nne lenye kitako na kilele sambamba) yenye miguu sawa, yaani pande mbili za ubavuni, hutoa vipimo sawa vya kona kwa kona. Chumba kikiwa mita 4 kwa 4, hatua ni zile zile, ila tepu itasoma karibu mita 5.66. Hahitaji kanuni mpya, kwa kuwa mraba ni mstatili. Pia ni rombasi, yaani umbo lenye pande nne zote sawa, ndiyo maana mistari yake ya kona kwa kona hukatana kwa pembe mraba.

Mvutano wa kweli uko kwenye trapeza. Ukisema ina angalau jozi moja ya pande sambamba, badala ya jozi moja tu, msambamba unaingia, na kanuni ya eneo, nusu ya jumla ya pande sambamba mara kimo, inayafaa maumbo yote mawili. Tatizo linazuka kwa trapeza pacha, ile yenye miguu sawa: ukiitambua kwa miguu sawa, kila msambamba utapita, ilhali mingi haina vipimo sawa vya kona kwa kona. Itambue kwa pembe mbili sawa za kitako, na tatizo linaisha. Kwangu hiyo ni gharama ndogo.

Kwa watoto wanaoanza kujifunza majina, maumbo yaonyeshwe mbalimbali, bila kuwaambia kwamba mraba si mstatili. Na kabla ya kuwauliza wakubwa mchoro una trapeza ngapi, mwalimu aandike ubaoni ni maana ipi anayoitumia, la sivyo atamkosoa mwanafunzi aliyehesabu sawasawa.